Familia Haijulikani: Juu ya Wageni Wanaoomba Kupewa Watoto Yatima

Maneno ya timu ya ulinzi wa watoto mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Kalemie



Komite ilituomba tuseme juu ya jambo moja ambalo limerudi tena na tena kwenye mikutano yenu. Wanakuja wageni, mume na mke, kutoka Ulaya au Amerika. Wamemwona mtoto yatima, wamempenda, wanaomba wapewe awe wao kwa sheria. Wengine wanaomba ulezi wa kisheria tu, wengine wanaomba kumfanya mtoto wao kabisa, ile ambayo mahakimu wetu wanaita adopsioni. Chama kiseme nini? Tumepewa dakika ishirini, na mwenyekiti anatujua, ameshaweka saa yake mezani.

Hatutaanza na sheria. Tutaanza na kosa letu sisi wenyewe, maana wengine humu ndani wanalijua nusunusu na ni vizuri walisikie lote.

Mnakumbuka mwaka 2017, wakati wa mapigano ya Batwa na Baluba, jinsi watu walivyokuwa wanaingia mjini kutoka upande wa Nyunzu. Katika wale waliofika alikuwa mama mmoja na watoto wawili, msichana wa miaka kama sita na mdogo wake wa kiume aliyekuwa bado mgongoni. Baba hawakujua yuko wapi. Walijenga kibanda cha nyasi kwenye kambi pamoja na wengine. Kipindupindu kilipopita, kilimchukua yule mama kwa siku mbili. Watoto walichukuliwa na mama jirani wa kibanda cha pili, ambaye alikuwa na wake wanne. Hatumtaji jina, lakini kama yuko hapa leo, tunamwambia tena asante.

Sisi tulikuja na fomu zetu. Tulimuuliza yule msichana maswali. Kijiji? Alitaja jina ambalo hatukuliona kwenye ramani. Jina la baba? Papa. Jina la kambo? Kambo. Ilikuwa jioni, gari lilikuwa linatungoja, na watoto wengine walikuwa kwenye foleni. Kwenye mstari wa familia tuliandika maneno mawili ya Kifaransa ambayo kwa Kiswahili ni haya: familia haijulikani. Tukapiga muhuri, tukaenda.

Ile karatasi ilikaa kwenye sanduku karibu miaka miwili. Halafu akaja mume na mke kutoka Ulaya. Watu wazuri, tunasema bila kusita. Walikuwa wanasaidia karo za shule kabla hata hawajafika. Walikaa wiki tatu, walikula bukari na sombe na sisi, walimfundisha yule msichana kuandika jina lake. Hawakuwa na mtoto. Waliporudi kwao walimtuma wakili, na wakili akamtuma mtu wa katikati, kijana mwenye pikipiki na mfuko wa plastiki uliojaa makaratasi.

Sasa sikilizeni jinsi neno linavyotembea. Sisi tuliandika familia haijulikani. Kwenye barua ya wakili ikawa watoto hawana familia. Kwenye karatasi iliyofuata ikawa watoto wametupwa. Na chini ya hiyo ya mwisho kulikuwa na kidole cha yule mama jirani, kidole cha wino wa buluu. Tulipomuuliza kama alijua alichotia kidole, alisema alidhani ni karatasi ya mgao wa unga na mafuta. Hakuna aliyemsomea. Yule kijana wa pikipiki alimwachia kitenge.

Tuliombwa kitu kimoja tu: ripoti mpya inayosema tumetafuta ndugu na hatukupata. Na chama kiliahidiwa mabati ya ofisi. Tusidanganyane, wakubwa wetu, mvua ilikuwa inatunyeshea kila siku na yale mabati yalizungumzwa. Wengine kati yetu tulikuwa tayari kutia sahihi. Tulijiambia: watasoma, watakula, watatibiwa, sisi tuna nini cha kuwapa?

Kilichotuzuia kilikuwa kidogo sana. Mwenzetu mmoja alimrudia yule msichana, safari hii bila fomu, akakaa naye anachagua ndagala juani. Mtoto akasema kambo yake alikuwa na cherehani, na mama alikuwa anasimulia kwamba cherehani ilivuka ziwa kwenda Lugufu na haikurudi. Mwenzetu akalileta hilo neno kwenye mkutano wa Jumamosi, hapa hapa kwenye chama. Na mama mmoja mwanachama, aliyekaa Lugufu zaidi ya miaka kumi, akauliza: cherehani ya kanyagio? Mwenye nayo anachechemea mguu wa kushoto? Huyo ninamjua. Lugufu ilipofungwa mwaka 2009 mimi nilipanda meli nikarudi, yeye alihamishwa Nyarugusu pamoja na waliobaki.

Tulipeleka ujumbe kupitia Msalaba Mwekundu. Ulikawia miezi. Jibu lilipokuja lilikuwa limeandikwa kwa mkono wa mtu mwingine, na mstari wa kwanza ulikuwa unauliza: mama yao alizikwa wapi?

Kwa hiyo kambo alikuwepo. Alikuwa ng'ambo tu, Tanzania, mkoa wa Kigoma, mkimbizi mzee. Na alikuwa na binti mwingine, mama mdogo wa wale watoto, anayeishi upande wa Moba, ambaye naye alikuwa anadhani dada yake na watoto walikufa wote. Alikuja kwa mtumbwi wa mashine, akafika akiwa ametapika njia nzima. Yule mdogo wa kiume alimkataa, akajificha nyuma ya mama jirani. Ilichukua wiki.

Tunawaambia haya kwa sababu nyinyi ni chama cha warudi. Ni nani humu ambaye hakuandikwa kwamba amekufa, au amepotea, au hajulikani aliko? Mliondoka Kalemie, Moba, Fizi, kati ya 1996 na 2003, usiku, familia moja ikaelekea Zambia na nyingine Kigoma. Wengine mmerudi baada ya miaka kumi, wengine kumi na tano. Katika muda huo wote, kama karani angekuja kuuliza juu ya mtoto wako uliyempoteza njiani, angeandika nini? Angeandika kile tulichoandika sisi. Na angekuwa ameandika kweli. Familia haijulikani ni kweli siku ile na saa ile. Hakimu akiigeuza kuwa hukumu, inakuwa kweli ya siku zote, na wewe unashuka bandarini na mizigo yako unakuta mtoto yuko nchi ambayo hujui hata inaandikwaje.

Ndiyo maana watu wa UNHCR, katika miongozo yao ya watoto wakimbizi, wanasema wakati wa dharura mtoto asipewe watu wengine kwa sheria huku kuna matumaini ya kupata ndugu, na kwamba kutafuta kuchukue muda wa kutosha, kwa kawaida miaka miwili hivi. Hapa kwetu, kwa jinsi tulivyoona, hata miaka miwili ni michache. Ziwa ni pana.

Sasa tuseme juu ya yaliyotokea kwingine, msije mkadhani ni hofu yetu tu.

Uganda sheria ya watoto ilikuwa inamtaka mgeni anayetaka kumchukua mtoto akae na kumlea kwanza miezi 36, ofisa wa serikali akiangalia. Ni muda mrefu, kazi zao za nyumbani zinawangoja. Mawakili wakapata mlango wa pembeni: ulezi wa kisheria. Mume na mke wanaenda Mahakama Kuu, wanaomba kuwa walezi tu, wanapewa hukumu, wanapanda ndege na mtoto, kisha huko kwao Amerika wanamfanya mtoto wao kabisa. Watoto wengi walipita mlango huo, na wengi wa wazazi waliobaki vijijini walikuwa wameambiwa mtoto anaenda kusoma na atarudi. Mwaka 2016 bunge la Uganda lilibadilisha sheria: ulezi wa kisheria ukawa wa raia wa Uganda tu, na ule muda wa kulea kwa mgeni ukapunguzwa ukawa mwaka mmoja. Mwaka 2020 serikali ya Marekani yenyewe iliwawekea vikwazo majaji wawili na wakili wa Uganda kwa sababu ya biashara hiyo ya watoto. Wafadhili wetu wanaweza kushangaa kusikia, lakini liko hadharani.

Chad, mwaka 2007, kikundi cha Wafaransa kilijaribu kupakia ndegeni watoto 103 kule Abéché, wakisema ni yatima wa Darfur. Ikaonekana karibu wote wana mzazi, na wengi hata hawatoki Darfur, ni wa vijiji vya Chad hapo mpakani.

Na kwetu Kongo? Tarehe 25 Septemba 2013 DGM ilisimamisha vibali vya kutoka kwa watoto waliochukuliwa na wageni. Makaratasi ya uongo yalikuwa yamezidi, na kulikuwa na hofu juu ya yanayowapata watoto wakishafika. Mamia ya watoto ambao walikuwa tayari na hukumu ya mahakama walikwama Kinshasa na kwingine. Wale watu wa Ulaya na Amerika waliokuwa wameshaitwa mama na papa walingoja mwaka, miaka miwili, wengine zaidi. Mwaka 2014 Italia ilituma ndege ya serikali na waziri ndani yake, ikachukua watoto 31. Wengine walisubiri mpaka mwisho wa 2015 na mwaka 2016 ndipo wakaruhusiwa. Hatuwaiti wezi watu hao. Wengi wao walifanya kila kitu walichoambiwa na mawakili, walilipa, walilia.

Lakini wakati huo huo, upande wa Gemena, kuna familia ambazo watoto wao walichukuliwa mwaka 2015 kwa maneno kwamba wanaenda likizo Kinshasa, kwenye kambi ya mapumziko ya watoto. Walipelekwa Ubelgiji wakiwa na makaratasi ya yatima. Wazazi walikuwa hai, wanangoja likizo iishe. Waandishi wa habari wa Ubelgiji ndio waliokuja kuwaambia, mwaka 2017. Na huko Ubelgiji wale waliowapokea nao hawakujua. Sasa fikirini hakimu afanye nini: mtoto amekaa miaka kadhaa, amesahau Kilingala, anamwita mwanamke mwingine mama, na mama wa kwanza yuko Gemena.

Tuje kwenye sheria, lakini kwa kifupi.

Kodi yetu ya familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inaruhusu adopsioni. Ina masharti yake na inapita mbele ya hakimu, haipiti kwa mkuu wa mtaa wala kwa mchungaji. Jambo ambalo tunataka mlishike ni hili: kwa sheria ya Kongo, mtoto aliyechukuliwa anakuwa mtoto wa waliomchukua, lakini hapotezi uhusiano na familia yake ya kuzaliwa. Anabaki wa pande mbili. Ni kama desturi yetu. Mtoto akilelewa na shangazi Kabalo, haachi kuwa mtoto wa kwao, siku ya msiba ataitwa, siku ya mahari atahesabiwa. Kwa hiyo mzazi wa hapa anaposikia neno adopsioni, anaelewa hivyo: namkopesha mtu mwenye uwezo. Kule wageni wanakotoka, mara nyingi adopsioni kamili inakata. Jina linabadilika, cheti cha kuzaliwa kinaandikwa upya, mama wa kwanza anakuwa si mtu mbele ya sheria. Watu wawili wanatia sahihi karatasi moja na kila mmoja anasoma kitu chake. Hata kama hakuna mwizi hata mmoja katika habari hiyo, mtu atalia.

Tunajua swali linalokuja, maana papa mmoja pale nyuma ameshainua mkono mara mbili. Anataka kusema: nyinyi wa NGO mnazungumza vizuri, lakini mtoto huku analala njaa, na mzungu ana pesa. Mnamnyima bahati yake.

Papa, hatukatai. Kuna watoto ambao kweli hawana mtu. Tumetafuta, redio imetangaza, miaka imepita, hakuna aliyejibu. Kuna mtoto mgonjwa ambaye dawa yake haipatikani hapa. Na tusijisifu sana kwamba sisi tunajua kulea, maana tumeziona nyumba za hapa mjini ambamo yatima wa ndugu ndiye anayeamka saa kumi kuchota maji ziwani wakati watoto wa nyumba wamelala. Tumewaona wanaoitwa wachawi kwa sababu mama alikufa na baba naye akafuata. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumtuhumu mtoto uchawi na inaadhibu, lakini nani ameshaona mtu akifungwa kwa hilo? Ndugu wa damu anaweza kuwa mbaya kuliko mgeni. Tunayasema haya mbele ya wafadhili makusudi.

Lakini mpangilio ubaki huu, na ndio uliomo kwenye Mkataba wa Haki za Mtoto ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1990: kwanza ndugu, kisha familia nyingine ya hapa hapa, na mgeni wa mbali baada ya hizo kushindikana. Wale wawili wa cherehani wangepelekwa kwa mlango wa tatu wakati wa kwanza haujabishwa. Na tuliokuwa hatujaubisha ni sisi.

Wafadhili wetu, ruhusuni tuwaseme kidogo. Mtu akitaka kumpeleka mtoto mmoja Ulaya, kuna wakili, kuna tafsiri, kuna tikiti, kuna hoteli Kinshasa, kuna yule wa pikipiki. Yule mama mdogo wa Moba alituomba vitu vitatu: nyavu, karo ya msichana, na nauli ya kwenda kumwona mama yake Nyarugusu. Tulikaa na bei ya hivyo vitatu mezani, tukakaa kimya. Wale mume na mke tuliwaandikia ukweli wote, pamoja na kosa letu. Hawakujibu kwa miezi minne. Tulielewa, maana sisi ndio tuliowapa matumaini kwa uzembe wetu. Kisha barua ikaja, fupi, wakauliza shule ya Moba inalipwa vipi. Wanaendelea kulipa mpaka sasa. Mabati hatukupata, kama mnavyoona juu ya vichwa vyenu.

Kwa hiyo tumekubaliana na komite mambo machache, na mwenye la kupinga aseme leo. Chama hakitatia muhuri karatasi yoyote ya kusema mtoto hana familia. Anayetafuta ushahidi huo aende DIVAS na kwenye tribinali ya watoto, na sisi tutaitwa kama mashahidi tuseme tunachokijua na tusichokijua. Mwanachama asitie kidole kwenye karatasi ambayo haijasomwa kwa sauti mbele ya watu wawili, kwa Kiswahili au kwa lugha yake. Zawadi yoyote inayokuja pamoja na ombi la mtoto, bati, kitenge, hata soda, irudishwe. Na kwenye fomu zetu ule mstari wa familia tumeufuta. Sasa tunaandika tulimuuliza nani, lini, na tutarudi kuuliza tena tarehe gani.

Upande wenu kuna kazi pia, na hii ndiyo inayotuchosha. Wengi mnalea watoto wa marehemu bila karatasi hata moja. Mtoto hakuandikishwa alipozaliwa, na zile siku 90 za kuandikisha zilishapita zamani. Leo ni wako kwa sababu majirani wanajua. Kesho akija mtu mwenye karatasi, yeye ndiye atakayeonekana mzazi. Kaeni kikao cha familia, andikeni nani amekubaliwa awe mlezi, nendeni mbele ya hakimu mpate hukumu ya kuzaliwa kwa mtoto na ya ulezi. Tunajua inagharimu franka na siku nzima za kungoja kwenye benchi. Jumanne na Alhamisi mmoja wetu atawasindikiza, gharama za kwanza timu imezitenga.

Mwenyekiti ananionyesha saa, tumalize.

Hili daftari tuliloshika lina majina ya watoto wote ambao kwenye sanduku letu bado wameandikwa familia haijulikani. Tutayasoma moja moja, pamoja na kila kitu kidogo ambacho mtoto alisema: jina la mto, jina la mbwa, wimbo, kovu. Hatutamtaja aliko mtoto. Ukisikia kitu unachokijua, hata kama huna uhakika, usipige kelele, nyoosha mkono tu na mwenzetu atakuja ulipokaa. Walio nje ya turubai wasogee kidogo, mvua inaanza.

Wa kwanza ni mvulana. Anasema kwao kulikuwa na mwembe ulioanguka juu ya kanisa.